Namba Kumi Aliyeogopa Kupaza Sauti

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, mnaona maikrofoni hii nimeishika kwa mikono miwili. Kuna watu wanadhani mchezaji wa raga hawezi kuogopa maikrofoni. Waje waniulize mimi! Tangu shangazi yangu aliponiandikisha nitoe ushuhuda hapa kanisani leo, bila kuniuliza, sijalala vizuri. Shangazi, usicheke, wewe ndiye umenitia matatani.

Basi Mungu amenifikisha, na nitasema. Vijana wa huko nyuma mnaosikia Kiswahili lakini mnajibu kwa Kiingereza, nitaenda polepole. Na ninyi wazee wetu wa Kongo na Tanzania, Kiswahili changu cha Nakuru kikiwakwaruza masikio, mnisamehe, mtoto ni wenu.

Kwanza niwaeleze kazi yangu. Juzi mama mmoja aliniuliza hapo mlangoni, "Mwanangu, nasikia unacheza ule mpira wa yai. Wewe ndiye yule anayerukiwa na wenzake?" Nikamwambia, mama, kule sote tunarukiwa. Lakini mimi ni namba kumi. Mpira ukitoka kwa wale wanane wakubwa wa mbele, unakuja kwangu, na kabla sijavuta pumzi natakiwa niamue: nikimbie, nitoe pasi, au niupige teke uende mbali. Wenzangu wote wanasubiri sauti yangu. Nikinyamaza, watu wazima wanasimama tu wanatazamana. Nikikosea, uwanja mzima unajua ni nani amekosea.

Sasa chukua kazi hiyo umpe mtu mwoga.

Kule nyumbani sikujua kwamba mimi ni mwoga. Shuleni nilicheza na vijana niliokua nao, nikipiga mluzi wanajua naelekea wapi. Kwa hiyo chuo kimoja cha hapa jijini kiliponipa nafasi ya masomo na ufadhili ili niwachezee, kanisa letu la Nakuru lilinisindikiza kwa maombi, na baba akamweleza kila mtu mjini, hata wale aliokuwa amewaeleza jana yake.

Nikafika. Timu ile ilikuwa na desturi yake: mgeni hasemi. Mwaka wa kwanza husemi kitu chumbani mnapobadilishia nguo, husemi ndani ya basi, mpaka mkubwa akuulize. Unabeba mifuko ya mipira na unakaa mbele karibu na dereva. Sisimulii haya ili kumwaibisha mtu. Na wao waliyakuta kwa waliowatangulia, na nafikiri waliyaona kama adabu tu. Tena mimi, eish, yalinifaa! Nimelelewa hivyo hivyo. Mkubwa akizungumza, unatazama chini. Wakanisifu sana, kijana mpole, kijana ana heshima, nami nikadhani sifa hizo ndizo zitakazonipa namba.

Halafu Jumamosi ikafika. Kocha akanishika jezi kifuani akaniambia, "Leo nataka nikusikie. Waamrishe!"

Niwaamrishe akina nani? Wanaume wenye ndevu, mmoja wao mkewe na mtoto wamekaa jukwaani, watu ambao wiki nzima sikuruhusiwa hata kuwaomba chumvi mezani? Ndugu zangu, nawaambia, sauti iligoma. Nilifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa "tafadhali". Kwenye raga! Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Mpira ukaja nikasitasita, nikapigwa kikumbo nikaanguka. Uliofuata nikaupiga teke moja kwa moja hadi mikononi mwa wapinzani. Nikageuka kutazama pembeni, nikamwona namba kumi wa akiba anavua jaketi.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Tangu siku ile nilicheza jicho moja kwenye mpira, jicho jingine pembeni. Kila nikikosea natazama kama yule mwenzangu amesimama. Na namba kumi anayetazama pembeni hamwoni anayemjia mbele, kwa hiyo anakosea tena, kisha anatazama tena. Nikaanza kutapika Jumamosi asubuhi. Baadaye ikawa tangu Ijumaa. Siku moja pale Marshalltown nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani tena, watu wananipita wakinisukuma, nami nimeshindwa kuamua kama nivuke. Muuzaji wa matunda akaniuliza, "Sharp, mfethu?" Yaani, uko sawa, ndugu yangu? Nikamjibu sharp. Hakuna kitu kilichokuwa sharp.

Na kila Jumamosi jioni mama alikuwa anapiga simu. "Umecheza?" Nami najibu, "Tumeshinda, mama." Anapiga vigelegele huko Nakuru, mimi niko hapa na jezi kavu, nimekaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa pili nikashushwa hadi timu ya tatu. Kisha mkuu wa michezo akaniita, akaniambia ufadhili wangu unakoma mwisho wa mwaka. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. "Kuna watu," akasema, "kipaji chao huwa ni cha sekondari." Mnaelewa maana yake? Bila ufadhili hakuna masomo, na bila masomo hakuna kibali cha kukaa nchi hii. Narudi nyumbani bila shahada, na mji mzima umeshaelezwa habari zangu. Lakini jambo baya zaidi ni kwamba nilimwamini. Nililala na maneno yake, nikaamka nayo.

Nikaenda kwa shangazi, kule Turffontein, nikamwambia nataka kutafuta tiketi ya kurudi. Alikuwa anakanda unga wa chapati, wala hakuacha kukanda.

"Umeshindwa na mpira, au umeshindwa na pale?"

Nikamwambia, "Shangazi, si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja hata kidogo. Benki ya kwanza niliyofanya kazi hapa, kila asubuhi nilionekana mjinga. Nikahamia nyingine mtaa wa pili tu, nikaonekana mwerevu. Kichwa ni hiki hiki." Akafuta mikono. "Kuna chuo kingine wanafanya majaribio ya wachezaji. Nitakupeleka. Ukishindwa na huko, tiketi nitakukatia, na baba yako nitamweleza mimi."

Ndani ya gari niliogopa njia nzima. Niwaambie nilichokuwa naogopa? Pale nilipokuwa, bado ningeweza kusema tatizo ni mahali. Nikihama nikashindwa tena, tatizo ni mimi. Sitakuwa na wa kumlaumu. Kuna watu humu wanaijua hofu hiyo, nawaona mnavyotikisa vichwa.

Majaribio yalikwenda hivyo hivyo tu. Kocha wa huko ni mtu mfupi, sauti imekwaruzika, maneno machache. Akasema nitakaa nao hadi katikati ya msimu, ndipo waamue kama nitapewa ufadhili. Nikangoja anifundishe kupiga teke. Jumatano ya kwanza, ndugu zangu, alinipa upawa.

Upawa! Wa kupakulia chakula. Timu ile, kila Jumatano baada ya mazoezi, hupikiwa pap, ule ugali wa huku, na nyama wale pamoja, na desturi yao ni kwamba anayepakua ni namba kumi. Nikajisemea moyoni, haya sasa, nimetoka kubeba mifuko nimekuja kuwa mpishi. Wakajipanga wale majitu, njaa imewashika, wanasukumana. Mimi napakua kimya kimya, macho chini. Foleni ikavurugika. Mmoja akapita mara ya pili, wengine hawajapata hata mfupa. Wakaanza kunipigia kelele, "Ten, talk! Talk, man!"

Sasa mimi ni kifungua mimba. Kila Krismasi kwetu ni mimi ninayewapakulia wadogo zangu na binamu zangu wote, na watoto wale ni nyigu. Sijui ni upawa ule ulionikumbusha, au ni hasira. Nikasikia mtu anafoka: "Wewe, rudi nyuma, umeshakula! Wewe, leta sahani! Mchuzi baadaye! Sogea kushoto, kushoto!" Kumbe ni mimi. Na wakasogea! Jamaa ambaye akipita mlangoni anainama, akasogea kushoto akishika sahani yake kwa mikono miwili.

Wakawa wakipokea chakula wananiambia mambo yao. Huyu anasema, "Kumi, mpira wangu nipe mapema, goti langu ni zito kuanza kukimbia." Yule anasema, "Mimi usinirushie juu." Kabla sufuria haijaisha nilikuwa namjua kila mmoja anataka nini. Nikainua macho, kocha amesimama mwisho wa foleni na sahani yake.

"Sauti hiyo hiyo," akasema. "Jumamosi."

Na Jumamosi hiyo tulicheza na nani? Na chuo changu cha zamani, kwenye uwanja wao! Nilitapika kama kawaida. Chumbani kocha akatangaza, "Leo sina namba kumi wa akiba. Ni huyu mpaka mwisho." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikafunga upya kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa vizuri.

Mechi ikaanza. Teke langu la kwanza kabisa likazuiwa na mikono ya mpinzani, akaokota mpira, akakimbia, akafunga trai, pointi tano, katikati ya milingoti. Wale niliowabebea mifuko wakacheka. Nami, kwa ugonjwa wangu ule ule, nikageuka kutazama pembeni.

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyevua jaketi. Kocha alikuwa anamenya chenza, wala hanitazami.

Nawaambia ukweli, nilikaribia kulia. Hakukuwa na mtu wa kunitoa. Kapteni akanijia anahema, akauliza, "Kumi, tunakungoja. Nani anasimama wapi?" Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka koo likaniwaka. Na msidhani sikukosea tena. Nilikosea mara kadhaa, ila kila nilipokosea macho yangu yalibaki uwanjani, nikaona kinachofuata. Mengi niliyaona kabla hayajafika, kwa sababu makosa yale nilishayafanya kule chuo cha kwanza, nikayajua sura zake.

Karibu na mwisho tuko nyuma kwa pointi tatu. Tukapewa penalti. Ningeupiga mpira katikati ya milingoti, tungepata hizo tatu tutoke sare. Kapteni akaniuliza, "Unataka nini?" Hofu ilikuwepo, msidhani ilikuwa imeondoka. Nikasema tunakimbia nao. Nikaanza haraka, nikampa yule wa goti zito, mapema, kama alivyoniomba. Akaenda nao, watu wanamning'inia mgongoni, akaanguka nao ng'ambo ya mstari. Tukashinda!

Mama akapiga simu. "Umecheza?"

"Nimecheza, mama. Mwanzo mpaka mwisho."

Akauliza, "Mbona sauti imekauka?"

"Nimepiga kelele sana."

"Wewe?" akasema mama. "Wewe mtoto wangu umepiga kelele?" Akaanza kulia, nami nikalia, na tulilia kwa simu tukimaliza data bila sababu.

Ufadhili nikapewa. Sasa niko mwaka wa mwisho, na jezi ile ya kumi bado ni yangu.

Tafadhali msitoke hapa mkisema chuo cha kwanza ni kibaya. Kuna mwenzangu aliyehamia kwao kutoka kwingine, akang'ara. Yeye ule ukimya wao ulimtuliza. Mimi uliniua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi aliyenipeleka bila kunihakikishia kwamba nitafaulu. Nawashukuru kocha na wale majitu. Na ninyi wa hapa, mlionifungia chakula kila Jumapili wala hamkuniuliza matokeo ya mechi, Mungu awakumbuke.

Yule mama wa mlangoni alikuwa na swali la pili. Binti yake anasoma mji mwingine, anafanya kazi ya maabara na kikundi fulani, na kila akipiga simu analia. Akaniuliza, avumilie au ahame? Mama, sikukujibu siku ile kwa sababu niliogopa kukosea. Bado naogopa. Simjui binti yako, wala wale anaokaa nao. Lakini leo jioni ukimpigia, usimuulize kama amefaulu. Muulize akikosea pale, kuna mtu anayemngoja asimame tena? Akisema yupo, hata mmoja, mwambie avumilie. Akikaa kimya, mama, chukua gari ukamsaidie kufunga mabegi.