Mzee Waya na Tangazo Lililokomea Ukutani

Uhai wa huyu tunayemsindikiza leo, ambaye nyumbani tulimwita Baba Mkubwa na mtaani mlimwita Mzee Waya, kwa kuwa hakukosa kipande cha waya mfukoni hata siku ya harusi yake, ulianza tarehe 9 Februari 1938, katika nyumba ya fundi saa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili akiwa mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1943.

Alisoma shule ya msingi na chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1959 akaajiriwa kituo cha redio kuwa fundi mitambo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne.

Tarehe 17 Agosti 1963 alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo, aliyemwambia mbele ya wakwe kwamba anaolewa na mtu, siyo na redio, wakajaliwa mabinti wawili, na mtoto wa tatu akaja bila kuzaliwa mle ndani, kwani Oktoba 1969 mdogo wa marehemu, wakati huo kapteni wa jeshi, alikorofishana na wakubwa zake akakimbilia uhamishoni, akimwachia kaka yake mtoto mchanga asiye na mama, na mtoto huyo ndiye anayewasomea karatasi hii.

Jumapili tarehe 12 Novemba 1978, saa nne asubuhi, ndege ilitua bila taarifa ikiwa na maofisa wa uhamishoni na askari wa kukodiwa kutoka nje, wengi wao wakabaki kuushika uwanja wa ndege, na kapteni akatumwa na wageni sita kwenda kutangaza redioni kwamba serikali imeanguka, huku wenzake wakisubiri tangazo hilo ndipo waingie mjini.

Walikwenda jengo lile la redio alilolijua kapteni, kwa ramani ya miaka tisa nyuma, bila kujua kwamba tangu Machi 1976 matangazo yalihamia jengo jipya lenye walinzi wengi, na kwamba studio ile ya zamani ilibaki ya kuwafundishia watangazaji, ambamo taa nyekundu huwaka na sindano ya kipimo hucheza, lakini sauti hukomea kwenye spika ya chumba cha pili.

Marehemu alikuwa peke yake, anafuta vumbi, mlango ukafunguliwa akamwona mdogo wake ndani ya sare ya mtindo ambao jeshi lilikwisha kuuacha, wakashikana mikono kama watu waliokutana msibani, kisha kapteni akaketi, akasoma, “Wananchi, tulieni majumbani,” akasoma tena na tena, na kuta zile zilizopigwa magodoro zikaimeza kila sentensi kabla haijapoa, huku dirishani mwanamke anaanika shuka bila kugeuza shingo, na mgeni mmoja anachezesha mguu kana kwamba yuko kwa kinyozi.

Kapteni akauliza, “Kaka, tunasikika?”

Marehemu akajibu, “Sindano inacheza, mdogo wangu.”

Alieleza baadaye kwamba hakutaka kuiokoa serikali wala kuiangusha, alijua tu kwamba akisema kweli mdogo wake atakimbilia jengo jipya na kupigwa risasi mlangoni, akaona heri abaki chumbani humo hadi mambo yapoe, amtoe kwa mlango wa nyuma, lakini uwanjani wenzake walisubiri tangazo lisilokuja, na saa nane mchana ndege ikapita juu ya paa, inaondoka, kapteni akainua macho, akamtazama kaka yake muda mrefu, akazima taa nyekundu kwa mkono wake, na jioni hiyo askari wa serikali wakamchukua pamoja na wageni wake, hatukumwona tena wala kuonyeshwa kaburi.

Marehemu alitumiwa nishani kwa posta, hakuifungua, na tangu hapo hakuweka redio nyumbani, ingawa fundi viatu jirani yetu aliapa hadi kufa kwake kwamba mchana ule redio yake isiyo na betri iliwaambia watu watulie majumbani.

Alistaafu 1993, akapata kiharusi tarehe 3 Juni 2021, na wodini akampa mtoto huyu wa mdogo wake habari yote, akaomba isomwe bila kutiwa sukari, akamuuliza kama anamdai kitu, na siku iliyofuata muuguzi wa zamu, asiyejua lolote, alitoka koridoni akauliza ni nani anayewaambia wagonjwa watulie majumbani, kwa sauti ya kijana, na marehemu akafumba macho, akasema, “Mwacheni amalize.” Alifariki tarehe 21 Juni, saa nane mchana.

Mtoto huyo alichelewa kumjibu, na jibu lake ni hili, kwamba alilelewa na mikono miwili ambayo haikumwangusha hata siku moja, na haidaiwi kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeuliza, majirani mlioketi nasi, na mafundi wenzake mliobeba jeneza, na kwa ombi la marehemu tunasoma pia historia ya mdogo wake, ambayo haijapata kusomwa popote: alizaliwa tarehe 30 Mei 1943, alisoma, alitumikia jeshi, aliacha mtoto mmoja, tarehe ya kufariki kwake hatukuambiwa, kaburi lake, kuanzia leo, ni hili.

Pumzikeni kwa amani, baba zangu wote wawili.