Milango Tuliyoitandika Njiani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Pak Hendarto, Naibu Meya wa mji wetu. Viongozi wa kata, wazee wetu na majirani: amani iwe juu yenu nyote.

KARIBU

Sisi wakazi wa Kampung Kecapi, mtaa ulio nyuma ya ukuta wa stesheni, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Umekuja kufungua njia ya waenda kwa miguu ya upande wa mbele, yenye paa, taa na vyungu vya maua, inayotoka geti la stesheni mpaka kwenye maduka makubwa. Ni njia nzuri. Tumeombwa tutoe shukrani, nasi tunashukuru, ingawa wengi wetu tumeikanyaga leo kwa mara ya kwanza.

TULIKOTOKA

Mtaa wetu ulikuwapo kabla ya ukuta. Zamani tulivuka reli kwa miguu. Treni zilipoongezeka kivuko kikafungwa, na ilikuwa haki kifungwe, maana tulishazika watu. Tukaahidiwa njia ya kuuzunguka ukuta. Mpaka leo njia hiyo ni ukingo wa udongo, na katikati umekatwa na mfereji usio na daraja. Mvua zikianza, wanaokwenda kazini hubeba viatu mkononi na kuvivaa getini. Walinzi wa stesheni hututania: "Haya, wakulima wa mpunga wamefika."

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia kazi ya pamoja. Mgeni akitarajiwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na mtaa hung'aa kabla hajafika. Hilo ndilo tunalojivunia, na ndilo lililotuponza.

Jiji lilipotenga fedha za kuunganisha mitaa na stesheni, wapimaji walitumwa kwetu katikati ya mvua. Tuliona aibu. Mwenyekiti wetu, Pak Mulyadi, alisema mgeni hawezi kuachwa aogelee matopeni kama bata. Tukatandika mbao, hazikutosha. Ndipo Bu Warsih, mama anayekaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na kuipeleka sokoni kwa treni ya alfajiri, akang'oa mlango wa nyumba yake na kuulaza juu ya mfereji. Wengine tukafuata. Nyumba zetu zikabaki na mapazia.

Wapimaji walipita viatu vikiwa safi. Walikula ndizi za kukaanga kwa Bu Warsih, na kijana wao mmoja akamtania: "Bu, njia yenu mbona kama sebule? Mnataka nini tena nyie?"

Bu Warsih alicheka kwa fahari, akamwongezea ndizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba alichokanyaga kilikuwa milango yetu. Kumweleza mgeni ulivyohangaika kwa ajili yake si adabu.

Fedha zikaenda upande wa mbele. Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole kwamba upande wetu ulionekana unapitika.

CHANGAMOTO

Milango ilirudi kwenye bawaba zake, na mvua zikarudi pia. Alfajiri moja Bu Warsih alitoka na kapu lake mgongoni. Ukingo ule aliujua kwa nyayo, na mawazo yake yalikuwa kwenye treni tu, kwa sababu inayofuata huwa imejaa na kapu haliingii. Pale kwenye mfereji mguu ulikosa pa kukanyaga. Tulimkuta ndani ya maji, nyonga imevunjika, kapu amelinyanyua juu lisilowe.

Hajapanda treni tangu hapo. Hushinda nyuma ya mlango uleule, ambao bado una mikwaruzo ya visigino vya wageni. Treni yake ikipiga honi huinua kichwa. Kila anayepita kumjulia hali, yeye humuuliza kama leo treni ilijaa.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba daraja juu ya mfereji, zege na taa kwenye ukingo, na geti upande wetu wa ukuta. Tunaomba pia kwamba mkiwatuma wapimaji tena, waje bila kututaarifu. Hatujiamini.

Ombi letu la mwisho ni la leo. Gari lako libaki hapa, twende kwa miguu mpaka kwa Bu Warsih. Chai iko tayari.

Jana tuliagizwa na kata tutandike mbao kwa ajili yako. Tulikuwa tukijadiliana uani kwake, naye akatuita dirishani.

"Ng'oeni mlango wangu," alisema. "Mtu mkubwa vile achafuke kwa sababu yangu? Mimi siendi popote, mlango wa nini?"

Kwetu mtu mzima hakataliwi. Lakini Pak Mulyadi akavua kofia.

"Hapana, Bu. Safari hii mlango unabaki."

"Basi mtaniaibisha," alisema, akageuzia uso ukutani. Hajasema nasi tangu jana.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukufagia wala hatukutandika kitu. Utuwie radhi. Kando ya jukwaa tumekuwekea kandambili za saizi mbalimbali, kwa kuwa hatukujua mguu wako.

Mungu akujalie afya, azilinde hatua zako, na akufikishe salama ng'ambo ya mfereji.

Ni sisi,
Wakazi wa Kampung Kecapi, nyuma ya ukuta.