Bi Wanga, Dobi Aliyeanika Maji

Ndugu, jamaa na majirani, tuliyemsindikiza hapa leo alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, mama alishona magodoro. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, anayewasomea maneno haya.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1956, akatolewa darasa la nne baba alipoumia mkono. Mwaka 1963 alianza udobi. Enzi hizo nguo safi zilifungwa kwa magazeti makuukuu, naye hakufunga gazeti asilolisoma kwanza. Kaka yake, ambaye hakukalia dawati hata siku moja, alijifunzia kusoma hapo hapo kwenye meza ya pasi. "Kaka, hiyo ni 'bei', siyo 'bia'," alikuwa akimcheka. "Usisome kwa kiu." Siku hizi nguo zinafungwa kwa nailoni, na nailoni haijamfundisha mtu herufi.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1969 na fundi seremala, ambaye wiki moja alileta shati lile lile mara nne.

"Fundi, hili shati unalichafulia wapi?"

"Njiani, nikija kwako."

Mwaka 1971 alipewa kazi ya kufua vitambaa vya meza na sare nyeupe za maofisa wa kambi ya jeshi iliyo kilimani, juu ya mtaa wetu. Kola alizozipiga wanga zilisimama kuliko waliozivaa, ndipo akaitwa Bi Wanga. Wachokozi walimuuliza kama ni wanga wa nguo au wale wa kuruka na ungo. Alijibu, "Lete shati lako utajua."

Mwanzoni mwa mwaka 1984 nguo nyeupe zilianza kutoka kwenye kamba ya kuanikia na wekundu wa mbali. Sajenti wa stoo alikuja juu: "Mama, umechanganya na kanga!" Marehemu hakubishana. Alikuwa ameona kwamba zilizokaukia kivulini zilibaki nyeupe. Alijaza chupa mbili, moja maji ya kisima cha mtaa, moja maji ya mvua kutoka pipa lake, akazianika juu ya bati. Kufika adhuhuri, maji ya kisima yalikuwa mekundu kama yameona haya.

Sajenti alirudi nyuma hatua tatu. "Mama, wewe kweli ni mwanga!"

"Ni mwanga, ndiyo. Mwanga wa jua. Sasa niambie mnamwaga nini kule kilimani."

Sajenti alisema kwa sauti ndogo: tangu mwaka uliotangulia, katika uwanja wa mazoezi, makombora ya zamani yalikuwa yakifunguliwa, baruti yake ikatolewa kwa maji ya moto, na maji yale yakamwagwa shimoni. Kisha akamshauri afulie maji ya mvua na anyamaze, kazi yake isipotee.

Njia hiyo ilikuwa rahisi, na jina lake lingebaki jeupe. Lakini mtaa mzima ulikunywa kisima kile. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na gwaride, na sare ya mkuu wa kambi ilikuwa mikononi mwake. Mumewe alimkuta anaifua kwa maji ya kisima.

"Mke wangu, unalichafua jina lako kwa mikono yako?"

"Jina linafulika, fundi. Tumbo la mtoto halifuliki."

Aliipeleka sare asubuhi ya gwaride, ikiwa na wekundu ambao kivulini mwa stoo hakuna aliyeutambua. Uwanjani, juani, watu walikaza midomo wasicheke. Mchana aliitwa ofisini, akaenda na chupa zake mbili.

"Mama, umenifanya keki ya arusi mbele ya wageni!"

"Nimekufulia kwa maji tunayokunywa, mkuu."

Mkuu alizitazama chupa, akaketi. Chupa zilikwenda kwa mkemia siku hiyo hiyo, naye akathibitisha kuwa ni baruti, ambayo majini hugeuka nyekundu ikipigwa na jua. Siku ya kumi na moja kisima kilizibwa kwa zege, na bomba likaletwa kutoka upande wa pili wa kilima. Kazi ya kambi alinyang'anywa. Alifulia hospitali hadi mwaka 2009, zilipoingia mashine. Mashine inafungwa mlango, na mwenye nguo hajui maji yalikuwa na rangi gani.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Hata wodini alimwambia daktari avue koti ili amwonyeshe kola inavyokunjwa, na daktari akavua. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja na kaka. Shimo la kilimani halijasafishwa hadi leo, na mwezi uliopita wauza viwanja walikuja kuuliza kama kisima kinaweza kufunguliwa. Nyinyi sita mliobeba jeneza mlikuwa watoto wa mtaa ule mwaka 1984. Wakirudi kuuliza, jibuni nyinyi.

Mungu aipumzishe mikono yake.