Mwanangu Nilimsomesha kwa Kujificha

Asalaam alaykum, akina mama wenzangu. Nimeomba nizungumze mwanzo, maana nikikaa kungoja zamu yangu ntatoroka.

Mwanangu wa kike ana kifafa. Siku moja alianguka darasani, akachanika juu ya jicho, na wenzake wakakimbia wakisema ana shetani. Aliporudi kanambia, "Mama, sendi tena." Na mimi, wallahi, nikashukuru. Nikasema ntamsomesha mwenyewe, hapo hapo nyumbani Kikwajuni. Mimi nimemaliza fomu foo, kwani darasa la sita kitu gani?

Sikumwambia mwalimu. Sheria sikuiuliza. Nilisikia tu mtaani kwamba mzazi anayemtoa mtoto skuli hushitakiwa, khofu ikanishika, nikazidi kunyamaza. Sasa sikilizeni ujinga wangu, na kucheka ruhusa. Kila asubuhi namvisha sare, namtia mkoba, tunatoka mlango wa mbele majirani watuone. Tunazunguka majumba ya Michenzani, tunarudi kwa mlango wa uani. Miezi minne! Mtu akipiga hodi, mtoto chini ya kitanda, madaftari chini ya mto.

Siku moja sheha, mkuu wetu wa mtaa, alikuja kuandikisha watu wa vyandarua. Mimi niko chooni. Mtoto kafungua mlango, saa nne asubuhi, na sare yake mwilini.

"Mbona hukwenda skuli?"

"Nnasoma hapa, kwa mama," akamjibu. Uongo haujui, maskini.

Nilitoka mbio. "Shikamoo, sheha."

"Marahaba. Bi, sheria inamtaka mtoto asome. Mimi sijui kama nyumbani panahesabiwa. Nenda ofisi ya elimu ukaulize, kabla hawajaja kukuuliza wao."

Ndugu zangu, nilikwenda. Kesho yake nimekaa kwenye benchi la ofisi nnawaza: leo nnafungwa, na mwanangu akianguka nani atamlaza ubavu?

Bi afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kanambia neno lililonitisha kuliko jela: "Kwenye rejesta mwanao ni mtoro. Ukiendelea hivi, mtihani wa darasa la sita hatofanya."

Nikalia mbele yake bila haya.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungesema mapema." Akanieleza: naweza kumhamishia skuli nyingine, ya serikali au ya binafsi iliyosajiliwa, yapo madarasa ya elimu mbadala kwa walioacha masomo, au arudi skuli yake, na barua ya daktari. Kumsomesha peke yangu kimyakimya, hiyo haimo.

Tukachagua arudi. Daktari akaandika. Mwalimu mkuu akakubali siku akiumwa asome nyumbani, kazi zake nizifuate mimi, jina libaki skuli. Mwalimu wa darasa akawafundisha watoto namna ya kumlaza ubavu na kumngojea azinduke.

Nnawashukuru hao wote. Siwataji, wenyewe wanajijua. Na wewe mwenye mtoto wa namna hii, usimfiche kama nilivyomficha wangu. Nenda kaulize, hata kama unaogopa.

Mtihani wenyewe ni leo. Yumo ndani tangu saa mbili. Nyumbani nimeshindwa kukaa, ndio maana nimekuja kwenu. Mwalimu kasema akianguka tu atanipigia; simu nimeishika, hii hapa. Haijalia. Niombeeni isilie.