Pima Tena na Mdogo Wake Mchungaji

"Babu, nani alishinda?"

Swali hilo marehemu aliulizwa na mjukuu wake mwezi Aprili 2017, mjukuu akiwa na miaka minane na nusu, siku walipokuwa wakipanga upya kabati la vitabu. Kati ya vitabu viwili lilidondoka tangazo la karatasi ya njano: "MDAHALO. Maandiko na Sayansi: Kipi cha Kuaminika? Ukumbi wa Maktaba, Jumamosi 6 Septemba 2008, saa nane mchana." Chini yake yalikuwa majina mawili, la kaka na la mdogo wake. Marehemu alilichukua tangazo, akalikunja mara nne, akasema maji ya chai yanachemka. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa mwinjilisti na mama yake alilima mboga nyuma ya kanisa. Mdogo wake alizaliwa mwaka 1951, na tangu alipojua kutembea alimganda kaka yake kama kupe. Marehemu alipokuwa na miaka kumi aliinua mkono kwenye shule ya Jumapili akauliza: kama wanafunzi wote walikuwa wamelala, nani aliyesikia maneno ya ile sala ya bustanini hata ikaandikwa? Mwalimu alimtoa nje akakae kwenye jiwe hadi ibada iishe. Baada ya dakika chache mdogo wake naye akatoka, akaketi kando yake. Hakuwa ameuliza chochote. Alisema tu kwamba ndani hakuna wa kuchezea naye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1962, kisha sekondari hadi 1966. Shuleni kulikuwa na hadubini moja kwa darasa la watoto arobaini, na kila mtoto alipewa dakika moja ya kuchungulia. Marehemu alichungulia ngozi ya kitunguu, akarudi nyuma ya foleni akachungulia tena. Mwalimu alipomshika alijieleza kwamba mara ya kwanza alikuwa hajui anatafuta nini. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha mafunzo ya maabara, akahitimu baada ya miaka miwili. Mdogo wake alikwenda chuo cha theolojia. Mama yao alikuwa akisema amezaa macho mawili, kila moja linatazama upande wake, na shingo ni yeye.

Tarehe 3 Februari 1969 marehemu alianza kazi katika maabara ya hospitali, chumba chenye dirisha moja lililotazamana na kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Alikaa hapo miaka thelathini na mitatu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma vioo vilivyopakwa makohozi ili kujua nani ana kifua kikuu na nani hana. Kioo hudondoshewa tone la mafuta kabla ya kuwekwa chini ya lenzi, na sheria ya kwanza ya kazi hiyo ni kwamba kijiti cha mafuta kisiguse kioo.

Mwezi Mei 1975, siku ya foleni ndefu, kijiti chake kiligusa. Kilichukua vijidudu kwenye kioo cha mgonjwa mmoja, kikavipeleka kwenye kioo cha aliyefuata, ambaye alikuwa binti mshonaji wa sare za shule. Marehemu aliandika kwamba binti anaumwa. Mwenye duka la ushonaji alimwambia asirudi. Kwenye nyumba ya kupanga aliwekewa kikombe chake peke yake, kimefungwa uzi mwekundu. Binti alimeza vidonge wiki nane.

Marehemu alikuwa na kawaida ya kutunza vioo vya zamani na kuvisoma upya siku ambazo kazi imepungua. Aliposoma kile cha binti aliona vijidudu vyote vimekusanyika penye tone la mafuta tu. Akaosha mafuta, akapima tena. Hakuna hata kimoja. Akapima mara ya tatu, kisha akavua koti la kazi akaenda kumtafuta.

"Mimi ndiye niliyesoma kipimo chako," alimwambia mlangoni. "Nilikosea. Huumwi."

Binti alimtazama juu hadi chini. "Watu kumi wamekuja hapa kuniambia ninaumwa. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniambia siumwi. Una uhakika?"

"Nimepima mara tatu."

"Basi kawaambie wenye nyumba. Mimi nikisema, watadhani ninatafuta kikombe kisicho na uzi."

Marehemu alibisha hodi vyumba vyote sita, akasema kwa kinywa chake kwamba kosa ni lake. Kisha wakaongozana hadi kwa mwenye duka. Waliporudi, binti alimwuliza: "Umeshanitembeza mtaa mzima mbele za watu. Sasa watasema nini?" Marehemu alirudi na jibu baada ya mwezi.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Bibi harusi alikuwa muumini, bwana harusi hakuwa, na aliyewafungisha ni mdogo wa marehemu, aliyekuwa ndiyo kwanza amepewa uchungaji. Kwa kuwa watu wa wakati huo waliukimbia ugonjwa ule hata kwa kuusikia, mume na mke walikubaliana kwamba habari ya kipimo isifike kwa watoto wala kwa majirani wapya. Mtu mmoja tu aliambiwa, naye ni mchungaji. Marehemu alimwambia kama mtu anavyomwambia ndugu wa tumbo moja.

Tangu siku ya kosa lile hakuna kioo alichokisoma mara moja. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walimsikia ndani akimwambia msaidizi wake, "Pima tena," nao wakampa jina hilo. Hata barua za mshahara nusura ziandikwe hivyo.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mchungaji alikuja na Maandiko yake kwapani, na marehemu akatoa vitabu alivyoazima maktaba. Mama wa nyumba alishona pembeni, akiwasikiliza kama redio.

"Vitabu vyako kila mwaka toleo jipya, kaka," mchungaji alisema siku moja. "Changu hakijabadilika hata nukta. Nani atamwamini shahidi anayebadilisha maneno?"

"Anayebadilisha ndiye aliyerudi kuangalia, mdogo wangu. Hebu nieleze. Sehemu mbili za Maandiko yako zinahesabu jeshi lilelile, mfalme yuleyule, na hesabu hazilingani. Ipi ya kweli?"

"Waliohesabu ni watu wawili. Wewe na msaidizi wako mkihesabu chembe za damu kwenye kioo kimoja, mnapata sawasawa?"

Marehemu alicheka hadi akavua miwani. Hawakuwa wakipata sawasawa hata siku moja. "Hapo umenipata," alisema. Jumamosi iliyofuata alikuwa na hoja mpya, na mchungaji naye. Ilikwenda hivyo miaka zaidi ya thelathini. Marehemu na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, ambaye anasema alijifunza kusoma kwa kutumwa akatafute ukurasa, mara kwa baba, mara kwa baba mdogo.

Mke wa marehemu alifariki tarehe 22 Machi 2004. Miaka minne baadaye kikundi cha watu saba wasioamini, waliokutana chumba cha nyuma cha duka la kurudufu karatasi, kilimwomba marehemu akiwakilishe kwenye mdahalo wa hadhara. Kanisa lilimtuma mchungaji. Ndugu wawili walikubali huku wakicheka, wakidhani ni Jumamosi yao ileile, ila yenye viti vingi.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kwa saa nzima marehemu alikuwa juu. Alieleza jinsi sayansi inavyojikagua, watu wakaanza kumpigia makofi hata waliokuja na mchungaji. Mchungaji alianza kutokwa jasho. Ulimi hauna mfupa. Alinyanyuka, akasema: "Muulizeni kaka yangu alivyompata marehemu mke wake. Hadubini yake ilisema mama yule ana kifua kikuu. Miezi miwili amemeza vidonge, na hakuwa na ugonjwa wowote. Hiyo ndiyo sayansi inayojikagua."

Ukumbi mzima ulicheka. Binti wa marehemu, aliyekaa safu ya kwanza na mimba ya miezi minane, alikuwa anaisikia habari hiyo ya mama yake kwa mara ya kwanza. Marehemu alisema, "Ni kweli. Na aliyegundua kosa ni mimi, kwa hadubini ileile." Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mdogo wake, na waliosikia ni safu ya kwanza tu.

Baadaye mmoja wa wale saba, mwalimu wa hesabu, alimlaumu. "Ungekana tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi," marehemu alijibu, na hakurudi tena chumba kile cha nyuma. Watu wa kanisa nao walimletea salamu kwamba amenyenyekezwa na sasa ni wakati wa kutubu. Hakuzijibu. Kwa hiyo hakubaki na upande wowote. Mchungaji alikuja mara mbili akakuta mlango umefungwa na redio inaongea ndani. Mara ya tatu hakuja. Mjukuu alizaliwa mwezi mmoja baada ya mdahalo, na akakua bila kumwona babu yake mdogo hata kwa picha.

Katika miaka hiyo marehemu aliazima maktaba Maandiko ya herufi kubwa. Jumamosi mchana mjukuu akipita barazani alimsikia ndani: "Hapana, mdogo wangu, hapo umeruka mstari." Kisha: "Haya, endelea." Mjukuu alichungulia mara ya kwanza akidhani amekuja mgeni. Babu alikuwa peke yake mezani, kidole kikiwa juu ya ukurasa, anasubiri ajibiwe.

Mwezi Novemba 2023 alianza kukohoa na kupungua mwili. Kipimo kilichukuliwa katika maabara ileile aliyofanyia kazi, na majibu yalikuwa saratani ya mapafu. Aliomba wapime tena. Wakapima, yakawa yaleyale, naye akasema, "Sawa. Wamefanya kazi yao." Binti yake alipomwuliza kama anaweza kumwombea, alisema aombe tu, haiharibu kipimo. Aliacha pia agizo kuhusu mazishi ya leo: "Mdogo wangu aruhusiwe kusali. Mimi sitasikia, lakini yeye atajisikia."

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa nane mchana, mchungaji, aliyepata habari kwamba kaka yake amelazwa, alisimama kwenye mlango wa wodi, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuniombea au kubishana?"

"Vyote, ukiruhusu."

"Anza na kubishana. Kuomba utaomba nikisinzia, sitakuzuia."

Walibishana saa mbili. Muuguzi alipita mara tatu, mara ya tatu akasema, "Wazee wangu, hii ni wodi, siyo bunge. Yule wa kitanda cha nne anataka kupiga kura." Hakuna aliyeutaja mdahalo wa maktaba. Kila mmoja aliuzunguka, kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya njia. Mchungaji alipoaga alisema atarudi Jumamosi na hoja moja ambayo kaka yake hataiweza. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba. Jumamosi iliyoahidiwa ni leo.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja na mdogo wake mmoja. Ameacha pia watu wengi asiowajua kwa sura, waliowahi kukaa kwenye benchi nje ya mlango wake wakisubiri asome mara ya pili. Baadhi yetu tunaamini amefika mahali. Yeye angesema ameishia hapa. Tumekubaliana angalau kwa hili: na atulie, asisumbuliwe na maumivu tena.

Limebaki jambo moja, ambalo marehemu alitaka lisomwe mbele za watu na mdogo wake akiwepo. Jioni ya ile Jumamosi, mchungaji alipokwisha kuondoka, alimwita mjukuu asogeze kiti na kushika kalamu.

"Uliwahi kuniuliza nani alishinda."

"Ndiyo, Babu. Ukasema maji yanachemka."

"Andika kwamba nilishindwa mimi. Siyo kwa hoja. Alipomaliza kusema lile neno nilimtazama usoni, nikaona ameshajuta, kabla hata watu hawajamaliza kucheka. Niliona vizuri kabisa. Nikachukua kofia yangu, nikatoka kama mtu ambaye hajaona kitu."