Ufa wa Kaligondo

Mheshimiwa Bupati, mkuu wa wilaya yetu, Ndugu wakuu wa idara, wageni waalikwa, nanyi watu wa Kaligondo mliopangiwa viti vya nyuma:

Takwimu wazi ni ile ambayo mwenye kuihitaji huipata bila kumwomba aliye nayo, na huipata ingali na manufaa. Naomba tuishike fasili hii, kwa kuwa ndiyo tunayoizindulia tovuti leo, siku ninayostaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza vipimo vya miteremko.

Miaka sita iliyopita Pak Sarmidi, mkuu wa kijiji cha Wanasela, alifika mezani kwangu akiwa na tope hadi magotini.

"Bu Wuryani, namba moja tu. Ule ufa wa juu ya kwetu umefika ngapi?"

"Barua yako haina mhuri wa tarafa, Pak Sarmidi. Rudi Jumatatu."

"Haya. Nikauambie na mlima usubiri mhuri?"

Makarani walicheka. Nami nilicheka. Namba ilikuwa chini ya glasi yangu ya chai: sentimita ishirini na tisa, ilhali zikifika kumi tu watu huhamishwa. Jumapili mlima ulishuka. Pak Sarmidi alipatikana siku ya nne; barua ilikuwa mfukoni mwake, na mhuri alikwisha kuupata.

Je, tumejifunza? Jana niliifungua tovuti hii mnayoishangilia. Nilikuta kurasa mia nne zilizochapwa, zikatiwa saini, zikagongwa mhuri moja moja, ndipo zikapigwa picha. Maana katika ofisi yetu namba isiyo na mhuri si namba. Nikautafuta mteremko wa Kaligondo. Pameandikwa: "Unasubiri uhakiki." Nawasifu wahakiki wetu: hawana haraka, na hawaishi Kaligondo.

Nimeombwa nikate kilele cha huu mlima wa wali wa manjano, kama ilivyo desturi yetu ya uzinduzi. Nitakikata. Lakini kwanza, ndugu zangu wa viti vya nyuma: ufa wenu, leo saa moja asubuhi, ulikuwa sentimita kumi na nne. Msilale huko leo.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Mheshimiwa, fasili nimekupa, na namba imetoka bila barua wala mhuri. Je, nimeiweka wazi, au nimeiiba?