Mwalimu Leonia Gwimo na Swali Lake la Alhamisi

Jumapili hii, tarehe 30 Novemba 2025, Mwalimu Leonia Gwimo anastaafu. Amelitumikia kanisa letu la Kasingirima miaka thelathini na moja, akiwa mwalimu wa walimu wa Shule ya Jumapili. Kamati ilihangaika kumpata mtu wa kuandika wasifu wake. Mwalimu Erasto mwenye digrii alisema anasahihisha mitihani. Dada Scola alisema atalia hadi karatasi ilowe. Ndipo wakanikumbuka mimi, Jonathani, fundi simu wa Mwandiga na mwalimu wa darasa la kati, ambaye wapo wanaosema hakumaliza kidato cha pili. Nilikimaliza. Mtihani wake ndio ulionimaliza. Lakini mwandiko wangu mnaujua, na maneno sijawahi kuishiwa maishani, isipokuwa mara moja tu, ambayo nitaifikia.

Mwalimu alizaliwa Ujiji, binti wa mshona nyavu. Alianza kazi mwaka 1994 akiwa na benchi moja na watoto kumi na wawili. Kwa kuwa leo anaaga, tuseme ukweli wote: kuimba hajui. Akianzisha pambio, kwaya nzima huinamisha kichwa kana kwamba inasali. Mwavuli wake anautembeza kiangazi na masika, na wengi wetu tumeonja ncha yake mgongoni tulipochelewa. Hata hivyo, walimu aliowafundisha leo wako Mwandiga, Ujiji, Kibirizi, wengine wamevuka ziwa wakarudi kwao Kongo, na kila mmoja ukimgusa ataanza kukusimulia habari za Alhamisi.

Alhamisi saa kumi jioni, walimu wote tulikaa mkekani nyuma ya kanisa na kitabu cha somo la Jumapili. Unajieleza, unapamba, halafu Mwalimu anakuja anaweka kiganja chake juu ya ukurasa. "Funga kitabu. Mungu wa somo hili yukoje?" Ni hilo tu. Ukishindwa, Jumapili hufundishi. Unakaa chini na watoto, unasikiliza mwenzako.

Erasto alikuja siku yake ya kwanza na mchoro wa Goliati uliofika darini. Alieleza urefu wa jitu, uzito wa mkuki, idadi ya mawe. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, mawe nimeyasikia. Nakuuliza habari za mwenye vita." Mwenye digrii akakaa chini na watoto wiki tatu. Na Scola, alipobanwa, alijibu kwamba Mungu ni mkali kama mama mkwe, hakukumbuka kwamba mama mkwe wake alikuwa nyuma yake anachambua mchele wa karamu ya ubarikio. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Afadhali Scola. Amesema Mungu aliye naye. Watoto hawasomi kitabu chako, wanamsoma huyo uliyembeba moyoni. Sasa tumtazame vizuri, ni yeye kweli?"

Mimi swali hilo nilikuwa nalifaulu kila wiki. Nilijua majibu anayoyapenda: Mungu ni mwenye rehema, Mungu ni mvumilivu. Niliyatoa kama mtu anavyotoa namba ya simu. Nadhani Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa ananingoja.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huu upepo ulipindua mtumbwi wa Adolf, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Wenzake wawili waliogelea. Yeye alipatikana baada ya siku mbili. Aliacha mke, Rozalia, na binti wa miaka tisa, Elida, mwanafunzi wa darasa langu, yule anayekaa mbele na kuuliza kila kitu.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alikuwa amelazwa, macho yamemzidi, na Alhamisi ile hatukukaa. Jumapili somo likawa Yona. Jamani, nilifundisha! Nilipiga dhoruba kwa mikono, nikamtupa Yona majini, watoto wakapiga kelele hadi wazee wakachungulia dirishani. Nikamalizia kwamba anayemkimbia Mungu, Mungu humfuata hata ziwani. Elida akanyoosha kidole. Akauliza, "Mwalimu, baba alikuwa anamkimbia Mungu kwenda wapi?"

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajibu. Nilisema Mungu hakosei, anayetupwa majini ana sababu yake. Darasa likawa kimya, nami nikadhani ni kimya cha kuelewa. Nilirudi Mwandiga najisifu njia nzima.

Elida hakuja Jumapili iliyofuata. Wala ile nyingine.

Mwalimu alipotoka hospitali na kusimuliwa jibu langu, alinikuta kibandani kwangu, simu ya mteja imefunguliwa mezani. Nikajiandaa kwa mwavuli. Hakuuinua. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Jonathani, Mungu huyo umemtoa wapi?" Nikasema kitabuni. "Kitabu cha Yona hakiishii kwenye dhoruba, wala tumboni mwa samaki. Kinaishia Mungu akimuuliza Yona kwa nini Yeye asiwahurumie watu wa mji ule, pamoja na mifugo yao. Wewe ulishukia njiani. Nakuuliza tena, umemtoa wapi?" Nilimfikiria baba mdogo aliyenilea, na mkanda wake uliokuwa unaning'inia nyuma ya mlango, na alivyokuwa hahitaji sababu. Mwalimu alikaa pale kwenye kigoda hadi nikamaliza kupangusa uso.

Kuanzia hapo Alhamisi zangu zilihamia mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, mimi na Mwalimu, ambaye sasa namshika mkono kwenye mawe. Siku ya kwanza Rozalia alikuwa anaanika dagaa juu ya kichanja. Alitutazama mara moja tu. "Kama mmekuja kuhubiri, mwalo ni mkubwa, nendeni kule."

"Tumekuja kuanika," Mwalimu akajibu.

Akainama, na magoti yake yale mabovu, akaanza kutandaza dagaa asiowaona vizuri. Nilitaka kuomba radhi nikaonjeshwa ncha ya mwavuli kisiginoni. Elida alikaa mbali juu ya mtumbwi uliofudikizwa, ametupa mgongo. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu mvua ilinyesha, tukafunika kwa turubai, tukarudi. Ya nne Rozalia alinipa kikombe cha chai bila kuniangalia, nikamwomba radhi, akasema, "Si mimi uliyenijibu." Mwalimu hakuhubiri hata siku moja. Njiani ndipo alikuwa ananiuliza swali lake, nami sikuwa tena na jibu la kutoa upesi.

Alhamisi tarehe 20 ilikuwa ya mwisho kwake, maana wiki hii alikuwa anafunga mizigo. Elida alishuka mtumbwini, akaja hadi kwenye kichanja, akasimama mbele yangu, si mbele ya Mwalimu.

"Mungu alimwona baba?"

"Alimwona."

"Sasa?"

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa anatandaza dagaa. Nikajua leo hanisaidii. Na hii ndiyo ile mara moja niliyowaahidi: maneno yaliniishia. Nikasema, "Sijui, Elida. Ila baba yako hakutupwa. Nilikudanganya. Najua Mungu hakumchukia, na mimi ndiye niliyekosa." Elida akatazama kichanja, akasema, "Hao umewarundika, watanuka," akanisogeza kwa kiwiko, akawatandaza mwenyewe. Akarudi mtumbwini.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nawaandikia hivi kwa sababu ingekuwa tamu kuwaambia alikuja, na Mwalimu mwenyewe alinikataza kutia chumvi. Tulipokuwa tunapanda kutoka mwaloni alisimama kupumua, akasema, "Miaka thelathini na moja, naondoka na mtoto mmoja pungufu." Kisha akanipa mwavuli niushike, na tulipofika kwake hakuuomba.

Kesho Jumatatu anahamia Kasulu kwa dada yake, kwa sababu macho yamebakiza mwanga kidogo. Kamati imemnunulia kitenge na redio. Mwalimu, tunakushukuru kwa kila kitabu ulichotufungia. Tunakushukuru hata kwa pambio. Tunakuombea dada mvumilivu, magoti yenye nafuu na uzee usio na upweke, na Mungu yule uliyetufundisha kumtazama akutazame wewe sasa usipoona. Nenda salama, Mama yetu, ukaishi vema.

Walimu wenzangu, Alhamisi saa kumi Erasto atakaa mkekani na nyinyi. Msinitafute. Nitakuwa Kibirizi na mwavuli, natandaza dagaa, nisiwarundike.